Kitanda usichokilalia, hujui baridi yake

Wiki hii naomba nijianike mwenyewe kabla hajatokea wa kunianika. Niliokuwa nao safarini wanalisoma gazeti hili, na wengine midomo yao haina zipu. Bora uyasikie kutoka kwangu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaishi Moshi. Alipomaliza kidato cha nne matokeo hayakumchekea, akaingia mlimani. Kwa Moshi, kuingia mlimani maana yake ni upagazi: unambebea mgeni mzigo wake, hema, jiko na mayai, unapanda naye Kilimanjaro, unashuka, unalipwa. Kazi ya halali, lakini ya jasho kweli kweli. Hazikupita wiki tatu akanipigia simu hapa Dar.

"Shikamoo mjomba. Naomba unisaidie begi la kulalia. Huku juu baridi si mchezo."

Mimi nani, bwana! Mjomba mwenye jina lake. Jumamosi nikatinga Kariakoo, nikaulizia begi la kulalia, nikaonyeshwa moja jekundu, linang'aa, limevimba kama mto wa bibi harusi. Nikaligusa, laini. Lebo ilikuwa na namba kubwa: 15. Sikuuliza kumi na tano ya nini. Nilidhani ni saizi, kama viatu. Bei yake kama kuku wawili wa kienyeji. Nikalipa, nikalituma kwa basi, nikajisikia mtu mkubwa kwenye ukoo.

Mpwa wangu akapiga simu. "Asante sana mjomba, Mungu akuzidishie." Basi. Miaka minne ikapita, kila tukikutana ananishukuru kwa lile begi, na mimi kila tukikutana naulizia, maana nilipenda kushukuriwa. Ama kweli binadamu.

Sasa sikiliza. Desemba 2023 wenzangu wa ofisini wakaja na wazo: tupande Kilimanjaro, tufike kileleni asubuhi ya tarehe 9, sikukuu ya Uhuru, kama vile Luteni Alexander Nyirenda alivyopandisha Mwenge na bendera pale juu mwaka 1961. Nikasema nami nimo. Kitambi changu kilikataa, lakini mdomo ulishasema.

Tukapewa orodha ya vifaa: buti, koti la mvua, tochi ya kichwani, glovu, begi la kulalia. Pale Moshi vyote hivi vinakodishwa. Wenzangu wakakodi. Mimi nikajisemea, nikodi begi la nini wakati mpwa wangu analo, tena nililomnunulia mwenyewe? Tena kwa bahati alikuwa amepata nafasi kwenye kundi letu, miongoni mwa wapagazi. Nikamwambia, "Kijana, safari hii lile begi letu nalalia mimi."

Akasita. Nakumbuka alivyosita, alijikuna kisogo. "Mjomba, kwa nini usikodi tu pale mjini? Yapo mazuri."

"Nikodi wakati letu lipo? Au unaninyima?"

"Hapana mjomba. Chukua."

Tukapandia njia ya Machame. Siku ya kwanza msituni mvua ikatunyeshea kama tuna deni nayo, lakini usiku nililala vizuri, nikawa nawasimanga wenzangu waliokodi. Usiku wa pili, Shira, kama mita 3,800 kutoka usawa wa bahari, nikaamka saa nane nikidhani kuna mtu amefungua hema. Hema lilikuwa limefungwa. Baridi ilikuwa imeingia ndani ya begi bila kupiga hodi. Nikavaa koti. Usiku wa tatu, Barranco, nikavaa koti, suruali mbili na kofia, bado meno yakawa yanagongana. Usiku wa nne, Karanga, sikulala kabisa. Nilihesabu saa kama mlinzi.

Usiku wa tano tulikuwa kambi ya Barafu, mita 4,673. Jina la kambi lilikuwa limeshanieleza kila kitu. Pale unajilaza saa chache jioni, halafu karibu na saa sita usiku unaamshwa kwenda kileleni. Mimi nilijilaza nikitetemeka mpaka hema likawa linatikisika. Mwenzangu niliyelala naye akaniuliza kama naumwa malaria.

Mara nikasikia, "Hodi mjomba." Mpwa wangu, ameshika chupa ya maji ya moto ameivika soksi. "Iweke tumboni, kisha uishushe miguuni."

Nikamuuliza, "Hivi hili begi lina nini? Limechakaa?"

Akatabasamu. "Halijachakaa mjomba. Ndivyo lilivyo. Wenzangu wanaliita kanga."

"Kanga?"

"Eeh. Kwamba ni sawa na kujifunika kanga."

Nikanyamaza kidogo. "Na wewe umelala na hii kanga miaka minne?"

"Nina mablanketi mawili ya kimasai mjomba, naingiza humo humo ndani. Na tunalala watano hema moja, tunapashana joto. Usijali."

Na usiku ule mablanketi yale hakuwa na pa kuyaingiza, kwa sababu begi nilikuwa nalo mimi.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimemnunulia mtoto wa dada yangu kitanda, nikapokea shukrani za miaka minne, na sikuwahi kukilalia hata usiku mmoja.

Kileleni sikufika. Nakwambia ukweli. Usiku mbili bila usingizi wa maana, miguu ikagoma kabla ya Stella Point. Kiongozi wa safari akaniangalia macho kwa tochi, akasema, "Mzee, tunashuka." Wenzangu wakapiga picha kwenye ubao wa Uhuru, mita 5,895. Mimi nilipiga picha na jiko la gesi pale Barafu.

Wakati wa kushuka kuelekea Mweka, yule kiongozi, mtu mzima aliyepanda mlima ule mara ambazo hata yeye ameacha kuhesabu, akanisomesha. Ndugu msomaji, mimi ni msomi wa vyeti, lakini shule niliyoipata njiani siku ile sijawahi kuipata darasani. Nakugawia.

La kwanza, begi la kulalia halina joto. "Chupa ya chai inachemsha chai?" akaniuliza. Haichemshi, inatunza tu moto uliokuja nao. Begi nalo ni hivyo hivyo. Joto ni la mwili wako, na kinacholizuia lisitoroke ni hewa iliyotulia, iliyonaswa katikati ya vitambaa. Kwa hiyo ukinunua begi, unanunua hewa. Swali ni nani anakushikia hiyo hewa, na kwa uzito gani.

Mshikaji hodari kuliko wote ni bata. Ndiyo, bata huyu huyu na yule bukini. Lakini si yale manyoya makubwa yenye mti katikati, tunayoyanyonyoa jikoni. Ni yale ya ndani kabisa, ya kifuani, hayana mti, yamechanua kama kipande cha pamba. Kila kijipande kinashika hewa kibao, na ukikiminya kinasinyaa, ukikiachia kinaumuka tena kama andazi. Hakuna kitambaa cha kiwandani kinachofanya kazi hiyo kwa wepesi ule. Begi la manyoya ya bata linaloweza kukutosha Barafu huwa na uzito wa kama kilo moja na robo hadi moja na nusu. La poliesta lenye joto lile lile litakuwa zito zaidi, na likikunjwa linajaza nusu ya mkoba.

Wazungu walilijua hili zamani. Mwaka 1922, kwenye msafara wa Everest, mkemia mmoja aitwaye George Finch alikwenda na koti alilolibuni mwenyewe, la kitambaa cha puto, limejazwa manyoya laini ya bata. Wenzake wa suti za sufu wakamcheka. Baridi ilipokaza kicheko kikaisha, na Finch na mwenzake Geoffrey Bruce wakapanda zaidi ya mita 8,300, juu kuliko mtu yeyote kabla yao.

La pili, namba. Hapa ndipo nilipolizwa. Ile 15 yangu ya Kariakoo ilikuwa nyuzi joto 15 za Selsiasi. Yaani ni begi la kulalia mahali penye baridi ya Lushoto wakati wa mchana! Kiongozi akanipigia hesabu: ukipanda kila mita 1,000, joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu. Kutoka Moshi mjini mpaka Barafu ni zaidi ya mita 3,700. Kwa hiyo usiku ambao Moshi wanalala kwa shuka, nyuzi 20, Barafu ni kama 4 chini ya sifuri, na hapo upepo haujavuma. Mimi nilikuwa nimemvalisha mtoto kaptula akacheze kwenye friza.

Begi la maana lina namba zaidi ya moja kwenye lebo. Ulaya waliweka kipimo kimoja tangu 2002, na siku hizi kipo cha kimataifa, ISO 23537. Wanalaza sanamu ya mtu yenye joto ndani ya begi, kwenye chumba cha baridi, wanapima. Namba ya kwanza ni ya raha: mwanamke wa kawaida analala amejinyoosha bila kuhisi baridi. Ya pili ni ya kikomo: mwanamume wa kawaida amejikunja kama kambale, anavumilia. Ya tatu ni ya kunusurika: hapo hulali, unasubiri kupambazuke usife, tena saa sita tu. Wauzaji wengine wanakuandikia kwa herufi kubwa ile ya pili, au hata ya tatu, maana inavutia. Wewe soma ya kwanza. Kwa mlima wetu tafuta begi ambalo raha yake inafika nyuzi 10 chini ya sifuri au karibu na hapo.

La tatu, ubora wa manyoya. Hayo nayo yana namba yake, ya kuumuka. Wanachukua aunsi moja ya manyoya, kama gramu 28, wanaangalia yakiumuka yanajaza nafasi kiasi gani, kwa inchi za ujazo. 500 hadi 600 ni ya kawaida. 700 ni mazuri. 800 kwenda juu ni ya wenye nazo. Ukitaka picha, gramu 28 za manyoya ya 800 zinajaza kama lita 13, zaidi ya nusu ya ndoo kubwa ya maji. Lakini usilewe na namba hiyo peke yake. Uliza pia manyoya yenyewe yako gramu ngapi ndani ya begi. Unga wa daraja la kwanza ukiwa kijiko kimoja, ugali haupo.

La nne, adui wa bata huyu ni maji. Ajabu, eti bata na maji! Akiwa hai ana mafuta yake na manyoya ya juu yanayomkinga. Yakishakuwa kwenye begi, manyoya ya ndani yakilowa yanashikana mabonge, hewa inatoka, na umebaki na kanga. Poliesta iliyolowa angalau inabakiza joto kidogo. Ndiyo maana begi la manyoya linafungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji kabla halijaingia kwenye mkoba. Zamani wapagazi walitumia rambo, lakini mifuko ile imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo ununue mfuko wenyewe wa kazi hiyo, unakaa miaka.

Na la tano, chini. Ukilala, manyoya ya upande wa mgongo yanagandamizwa, hewa inakwisha. Begi la bei mbaya bila kigodoro ni kazi bure. Ardhi inakunyonya joto mpaka asubuhi.

Tulipofika mjini nikapumzika siku moja. Siku ya pili nikamchukua mpwa wangu mpaka soko la Memorial, kwa watu wa mitumba. Dukani begi jipya la namna ile ni mamia ya dola, na mimi si mbunge. Lakini Memorial, ukiwa na macho na subira, vinapita vitu vya mlimani vya hatari.

Muuzaji wa kwanza akatutolea begi kubwa la bluu, limevimba. Nilishajifunza. Nikatafuta lebo ya ndani: poliesta. Weka pembeni. Hapa nikupe siri: mitumba inatoka kila nchi, kwa hiyo lebo ya manyoya laini inaweza kuandikwa "down" kwa Kiingereza, "duvet" kwa Kifaransa au "Daunen" kwa Kijerumani. Karibu yake utaona asilimia, kwa mfano 90 kwa 10: sehemu 90 ni manyoya laini, 10 ni yale yenye mti. 90 ni zuri. 50 kwa 50 ni mto wa kulalia.

Muuzaji wa pili akatoa kifurushi kidogo kama mkate mkubwa. Akakifungua, begi la kijivu, limesinyaa, halina mvuto hata kidogo. Kwenye lebo namba yake: 0. Nikalirudisha. "Hili sifuri, ndugu yangu. Sisi tunapanda mlima."

Mpwa wangu akanivuta shati. "Mjomba, hiyo sifuri ni ya Marekani."

Kumbe! Wamarekani wanapima kwa Farenhaiti. Sifuri yao ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri yetu. 20 yao ni kama 7 chini ya sifuri. 32 yao ndiyo sifuri yetu, maji yanapoganda. Namba ile ile, nchi mbili tofauti, mmoja anakufa kwa baridi mwingine anakoroma. Lakini mpwa wangu akanitahadharisha kwamba namba kubwa ya Kimarekani mara nyingi ni ile ya kikomo, ya kujikunja. Raha yake iko juu zaidi, kwa begi lile tulikisia nyuzi 10 chini ya sifuri hivi. Ndiyo hasa tuliyoitaka.

Basi tukaanza ukaguzi, na muuzaji akiwa amenuna. Kwanza tukalikung'uta, tukalilaza kwenye turubai kwa robo saa. Likaanza kuumuka taratibu mpaka likafika karibu shibiri moja kwenda juu. Lingebaki bapa tungeondoka. Pili, mpwa wangu akalipitisha mikononi akitafuta miiba ya manyoya makubwa na mabonge ya kufua vibaya. Tatu, tukaliinua juani: kila chumba cha mshono kionekane kimejaa, pasiwe na dirisha. Akanionyesha pia kwamba mshono haukupita moja kwa moja kutoka nje hadi ndani, bali kuna vijikuta vya kitambaa katikati. Begi lililoshonwa moja kwa moja, kila mstari wa uzi ni mlango wa baridi. Nne, tukanusa. Likinuka uvundo limehifadhiwa na unyevu, achana nalo. Tano, zipu, mara kumi kwenda na kurudi, na lile pindo nene la nyuma yake linalozuia upepo.

Sita ni kipimo cha mwili. Begi likiwa pana sana unapasha joto hewa ya bure. Likibana, unayagandamiza manyoya kwa mabega. Lile la umbo la maiti ya Misri, pana mabegani, jembamba miguuni, lenye kofia, ndilo la mlimani. Mpwa wangu akaona haya kujilaza sokoni. Mimi haya zangu nilikuwa nimeziacha Barafu, na tumelingana urefu, kwa hiyo nikaingia mwenyewe, nikafunga zipu mpaka kidevuni. Jua la saa saba mchana! Watu wakajaa wakidhani kuna mtu amezimia. Mama mmoja akauliza, "Ndugu zake wamearifiwa?" Dakika tatu tu nilikuwa nachuruzika. Nikatoka nikasema, hili hili.

Muuzaji si mjinga, Moshi nzima inajua bei ya bata. Alianza na 350,000. Tukavutana, nikaondoka mara mbili, akaniita mara mbili, tukamalizana 260,000. Bei ya mbuzi wawili. Iliniuma, sikufichi. Lakini nilipokumbuka bei ya kuku wawili ilivyokuwa imenigharimu kilele, nikahesabu noti bila kulalamika.

Nyumbani kwa dada tukalifua. Kwenye beseni kubwa, maji vuguvugu, sabuni laini kidogo tu, si ya unga mkali inayokausha mafuta ya manyoya. Unakandamiza, hukamui wala husokoti. Unasuuza mpaka mkono uchoke. Unalibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, maana likiwa limelowa mishono ya ndani hukatika kwa uzito. Lilikaa juani siku tatu, kila saa tunalikung'uta na kuvunja mabonge kwa vidole. Na likishakauka halihifadhiwi limebanwa kwenye kifuko chake. Kifuko ni cha safarini. Nyumbani linaning'inizwa, au linawekwa ndani ya mfuko mkubwa wa pamba lipumue. Dada alishona moja kwa shuka kuukuu.

Tukaviweka vyote kwenye mzani wa duka la jirani. Kanga yangu na mablanketi mawili: karibu kilo tano. Bata wa Marekani: kilo moja na gramu 300. Hapo nikaelewa jambo jingine. Kanuni ya mlima inasema mzigo wa mgeni anaobeba mpagazi usizidi kilo 20. Lakini vitu vyake mwenyewe vinakuja juu ya hizo. Kila kilo niliyodhani nimeokoa pesa Kariakoo, kuna mgongo uliipandisha mpaka mita 4,673, safari baada ya safari. Na mgongo huo ulikuwa unaniamkia shikamoo.

Mpenzi msomaji, sisemi kila mtu akakimbilie manyoya. Kama unampeleka mwanao kambi ya skauti, au unakwenda kutembea Usambara na mvua zake, begi la poliesta la bei ya kati linatosha, linavumilia unyevu na mama anaweza kulifua bila semina. Kama unapanda Kilimanjaro mara moja tu maishani, kodi pale pale Moshi, lakini likague kama nilivyokueleza, usiku wako uko mikononi mwako. Manyoya mepesi ni ya yule anayebeba mzigo wake mwenyewe siku nyingi, mahali pa baridi kavu. Wa namna hiyo kila gramu anaijua kwa jina.

Na ukiwa unamnunulia mwingine, fanya nililolikwepa mimi. Muulize atalala wapi, lala nalo wewe kwanza japo sakafuni kwako, na akikwambia asante, usiridhike haraka. Wapo watu wenye adabu kiasi cha kukushukuru kwa baridi.

Januari mpwa wangu akapanda tena na wageni. Pale Shira simu hushika ukibahatika. Saa mbili asubuhi ukaingia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Leo nimechelewa kuamka, mpishi amenifokea."

Nimesoma barua nyingi za shukrani maishani. Ile ndiyo ya kwanza niliyoiamini.

Na lile jekundu? Nalilalia mimi hapa Dar, msimu wa kipupwe, feni ikiwa namba moja. Linanitosha kabisa. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.